Kulishusha Gari la Baba

Mtaani walimwita Geti kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichomelea mageti, nondo za madirisha na ngazi za chuma katika karakana yake ya mabati, na mkono wake ulijulikana: geti alilolitundika yeye halikulia kwiii asubuhi wala halikuburuza chini baada ya mwaka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuuliza. Baba yake alipofariki alimwachia wawili wa kutunza, mama mzazi na gari la zamani, na mke wa Geti, ambaye alikuwa muuguzi, alipenda kutania kwamba kati ya hao wawili mama ndiye asiyevuja mafuta.

Gari lenyewe lilikuwa vani ya enzi zile injini ikiwekwa nyuma na dereva akikaa mbele kabisa, juu ya magurudumu, na kioo kipana usoni kama dirisha la duka. Baba aliliita Kobe, kwa umbo na kwa mwendo. Ukikaa kiti cha mbele cha Kobe ulikuwa juu ya watu. Wenye magari madogo uliwaona utosi. Lakini kufika huko juu kulikuwa na kazi yake. Unashika mpini, unatia mguu kwenye ukingo mwembamba wa mlango, unajivuta, unajitupa ndani.

Mama alijitupa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila Jumamosi asubuhi yeye na baba walikwenda sokoni, na wakati wa kurudi walipita njia nyembamba yenye mashimo nyuma ya shule, kando ya ukuta mrefu wa matofali. Baba alipoondoka duniani, Geti alishika usukani, na Jumamosi ya kwanza tu mama alimwelekeza kwa kidole. "Pitia ukutani." Alipitia. Hakuuliza.

Nyuma ya ukuta ule aliishi mama mkubwa, dada wa pekee wa mama. Walikuwa hawasemezani kwa miaka ishirini na miwili. Mama yao mzazi alipougua, mama mkubwa ndiye aliyemuuguza miaka miwili mizima, akimlisha, akimgeuza, akimwosha. Mama alikuwa akija Jumamosi na mfuko wa matunda. Siku ya mazishi, mbele ya wanawake waliojaa chumbani, mama alishika ncha ya shuka la marehemu akasema, "Hivi hili lilifuliwa lini?" Maneno manne tu. Mama mkubwa alimtazama kwa muda, kisha akamwambia atoke na asikanyage tena pale. Mama akatoka. Walikuwa wa tumbo moja, na wote wawili neno "nisamehe" liliwakwama kooni kama mwiba wa samaki.

Geti aliujua ugomvi huo kwa vipandevipande, kama watoto wanavyojua ugomvi wa wakubwa. Safari za kupita ukutani alizichukulia kuwa ubishi wa mama, namna ya kusema kwamba njia ni ya wote. Yeye macho yake yalikuwa kwenye mashimo.

Mwaka wa nne baada ya baba, nyonga ya mama iligoma. Kupanda gari kukawa shughuli ya watu wawili: mke wa Geti akisukuma kutoka nyuma, Geti akivuta kutoka ndani, na mama katikati akiwalaumu wote. "Mnanipakia kama gunia la saruji," alisema. "Angalau gunia haliulizwi kama liko sawa." Walicheka mpaka mikono ikaishiwa nguvu, na mara moja walikaribia kumwangusha.

Hapo ndipo Geti alipokata shauri la kulishusha gari. Sababu ilikuwa nyonga ya mama, na aliitaja kwa kila mtu. Lakini hamu ilikuwa yake mwenyewe na ilikuwa ya siku nyingi. Tangu ujanani alikuwa akitazama picha za vani za aina ile zilizoshushwa, tumbo karibu na lami, magurudumu yamemezwa nusu, na moyo ulimdunda kama wa mtu aliyeona mchumba. Baba asingekubali. Sasa baba hakuwepo, na nyonga ilikuwepo.

Alimwendea fundi mmoja mwembamba, mzee kuliko yeye, ambaye watu walimwita Springi kwa kuwa hakuna gari lililoyumba au kugonga chini asilolitibu. Springi alikuwa na tabia ya kuongea huku boliti iko kati ya meno.

"Nataka kulishusha," Geti alisema. "Kwa ajili ya mama. Hawezi tena kupanda."

Springi alitoa boliti mdomoni. "Hawezi kupanda, basi mchomelee kidaraja. Wewe si mchomeleaji? Kipande cha chuma chini ya mlango, anakanyaga, anaingia. Kazi ya nusu saa."

"Kidaraja kitaharibu sura ya gari."

"Na kukata chuma cha mbele hakutaharibu?"

"Kutalipendezesha."

Springi alicheka mpaka akakohoa. "Haya, sasa umesema kweli. Sema toka mwanzo kwamba unataka urembo, tusiwasingizie wazazi."

Walilala chali chini ya gari, bega kwa bega, na Springi akamwonyesha kwa bisibisi. Mbele ya gari lile kulikuwa na mabomba mawili yaliyolala kutoka gurudumu hadi gurudumu, moja juu ya jingine. Ndani ya kila bomba mlikuwa na fungu la vyuma bapa lililobanwa katikati. Gurudumu likipanda au kushuka, fungu linajipinda na kujirudisha. Hizo ndizo springi zake.

"Njia ziko mbili," alisema Springi. "Tunaweza kupunguza vyuma ndani ya bomba. Linashuka, litadundadunda kidogo, lakini siku ukichoka unavirudisha. Au tunakata bomba pale katikati vilipobanwa, tunalizungusha kidogo, tunachomelea. Linashuka vizuri na linatulia. Lakini hiyo haina kurudi. Ukikata, umekata."

"Kata," alisema Geti.

Ilikuwa kazi ya siku mbili. Walilipandisha gari kwenye jeki na magogo, wakang'oa magurudumu, breki, shokapu na vyuma vya usukani, kisha wakaishusha ile fremu ya mabomba sakafuni kama watu wanaotoa mgonjwa kitandani. Kabla ya kukata, Springi alichora mstari kwa ncha ya msumari, ili wajue wamezungusha kiasi gani. Grenda iliimba, cheche zikaruka hadi mlangoni. Walizungusha upana wa vidole viwili, wakapima, wakarudisha kidogo, wakapima tena. Kuchomelea alichomelea Geti mwenyewe, vipande vifupivifupi, kulia kisha kushoto, joto lisije likapinda bomba. Mshono ulitoka laini na sawa, na Springi, ambaye sifa zilimtoka kwa shida, alipitisha kidole juu yake akasema, "Hapo sina neno." Nyuma hapakuwa na cha kukata, vyuma vya kule vilikuwa na meno nchani, wakavisogeza meno mawili ili nako kushuke. Wakafunga shokapu fupi, wakanyoosha magurudumu, wakalishusha gari kutoka kwenye jeki.

Lilikuwa limeshuka sentimita kumi na mbili. Lilikaa kama paka anayenyemelea ndege. Geti alilizunguka mara tatu na hakujua pa kuweka mikono yake.

"Mama ameliona?" mkewe alimuuliza alipolifikisha nyumbani.

"Ataliona Jumamosi. Ni zawadi yake."

Jumamosi ikafika. Mama alisimama mlangoni pa gari, akashika mpini, akajiandaa kujivuta, na kumbe hapakuwa na cha kujivuta. Aligeuka, akakaa, akaingiza miguu mmoja mmoja. Peke yake. Alipiga kofi la furaha. "Ee! Kama kukaa kwenye kochi!" Mke wa Geti alishangilia, jirani naye akashangilia bila kujua anashangilia nini. Geti alijiona ametenda jambo kubwa kuliko mageti yote aliyowahi kutundika.

Walikwenda sokoni, wakanunua walichonunua, wakarudi kwa njia ya ukutani. Walipoufikia ukuta, mama alikaa wima. Akashika dashibodi kwa mikono miwili, akanyoosha shingo.

"Simamisha," alisema.

Geti alisimamisha. Mama alijinyoosha tena, nyonga ikamuuma, akarudi kitini taratibu.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna." Kisha, akisugua nyonga: "Limeshuka sana hili gari."

"Si ndiyo uweze kupanda?"

"Ndiyo," alisema mama. "Ahsante, mwanangu. Twende."

Jumamosi ya pili alikuja na mto wa kitandani kwapani, akataka akalie. Mke wa Geti alimkataza. Alisema mto utateleza na nyonga itapata cha moto. Mama alishika msimamo wake. Kweli mto ukateleza, kwenye kona ya kwanza, na mama akalia kwa maumivu, jambo ambalo Geti alikuwa hajawahi kulisikia. Walipofika ukutani alikuwa amekaa chini kabisa, mto magotini, akitazama matofali yakipita.

"Lakini kwa nini unataka kukaa juu?" Geti alimuuliza.

"Napenda kuona."

"Kuona nini?"

"Kuona tu."

Labda mama angeendelea. Geti alikuja kuamini hivyo, kwamba mdomo wake ulikuwa unafunguka tena. Lakini papo hapo gari likaingia shimoni, tumbo likakwaruza ardhi kwa sauti ya kutisha, Geti akaruka nje akilaani, akainama kutazama chini. Mshono ulikuwa salama. Aliporudi ndani, mama alikuwa ameegemeza kichwa dirishani na macho ameyafumba.

Jumamosi ya tatu, kabla hawajafika kwenye kona, mama alisema, "Pitia barabara kubwa. Huku unaliumiza gari la baba yako." Na Geti, ni lazima isemwe, alifurahi. Mashimo yale yalikuwa yanamnyima usingizi.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, alikuwa anachomelea bawaba simu ilipolia. Alikuwa dada yake, yaani binti wa mama mkubwa, ambaye hawakuongea naye ila kwenye misiba. Alisema mama yake amefariki alfajiri ile.

Geti alizima mashine, akaenda nyumbani na nguo zake za kazi. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akikunja nguo zilizokauka. Alimwambia akiwa amesimama, kwa sababu hakuona namna nyingine. Mama aliendelea kukunja blauzi mpaka ikakunjika, akaiweka juu ya nyingine.

"Alianza kuumwa lini?"

"Dada anasema wiki ya sita hii. Wiki tatu za mwisho hakuinuka kabisa."

Mama alihesabu kwa vidole juu ya goti. Kisha mkono ukalala.

"Ningeona," alisema.

"Ungeona nini, mama?"

"Kila Jumamosi anafua mashuka. Meupe. Kamba yake iko upande wa njia, pale ua ulipoinuka. Tukipita, mimi namwona juu ya ukuta, na yeye ananiona. Baba yako alikuwa anapunguza mwendo pale, anajifanya anatafuta gia." Alitabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilimuumiza Geti kuliko machozi. "Hatusalimiani. Ananitazama, anarudi kwenye mashuka yake. Alikuwa ananionyesha kwamba yamefuliwa. Miaka ishirini na miwili ananionyesha. Na mimi nilikuwa naangalia yupo, anatembea, mkono unainuka. Nikiona hivyo narudi nyumbani nalala vizuri. Kama kamba ingekuwa tupu, ningejua."

Geti alikaa sakafuni. "Kwa nini hukuniambia? Ningelipandisha. Ningetafuta mabomba mengine, ningefanya chochote."

"Ningekuambia nini? Kwamba mtu mzima kama mimi napelekwa kuchungulia uani kwa watu?"

"Hukuniambia, na mimi sikukuuliza. Mama, ni mimi niliye..."

"Nyamaza," alisema mama, bila ukali. "Gari halikunizuia kugonga mlango."

Jioni ile Geti alichukua futi yake ya chuma, akaenda mpaka ukutani peke yake. Alipima ukuta kutoka kwenye matairi yalipokanyaga. Kisha alilinganisha na kimo cha macho ya mama akiwa kitini, alichokipima nyumbani. Alikuwa amemkalisha kabla ya kutoka, akamdanganya kwamba anataka kurekebisha mkanda. Ukuta ulimzidi kwa sentimita nane. Yaani zamani, kabla ya grenda, macho yake yalikuwa yanapita juu ya matofali kwa sentimita nne. Nne tu, upana wa vidole viwili na nusu, na kwenye nafasi hiyo dada wawili walikuwa wameishi pamoja. Alisimama pale na futi mkononi mpaka mpita njia akamuuliza kama ukuta unauzwa. Akakumbuka maneno ya Springi: kidaraja, kazi ya nusu saa. Alikuwa ametengeneza vidaraja mia moja katika maisha yake, vya watu asiowajua.

Siku ya mazishi mama aliingia katika ua ule kwa mara ya kwanza tangu alipofukuzwa. Aliingia kwa fimbo, mke wa Geti akimshika mkono, na wanawake wakampisha. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa dada yake, akafunga mlango, akakaa humo na marehemu muda ambao hakuna aliyethubutu kuupima.

Geti alibaki uani, karibu na kamba ya nguo. Dada alimfuata pale. Alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu wa shule, macho yamevimba, na alikuwa anamtazama kama mtu mwenye swali la siku nyingi.

"Nikuulize kitu," alisema. "Kwa nini mama mdogo aliacha kuja?"

"Kuja wapi?"

"Kupita. Mimi nilitaka kuwapigia simu mama alipoanza kuumwa. Alikataa kabisa. Alisema, 'Msimwite. Atapita Jumamosi. Asipoona mashuka, atajua, ataingia mwenyewe.' Tukamtolea kiti, akakaa hapa, hapa uliposimama. Kamba tukaiacha tupu, alitukataza tusianike hata leso. Gari likaja. Nililiona paa. Nikamwambia, mama, hao wanapita. Akanyanyua shingo, hakuna kichwa. Likasimama kidogo, likaondoka." Alifuta pua kwa kiganja. "Wiki iliyofuata hivyohivyo, paa tu. Wiki ya tatu halikuja. Mama akasema, 'Basi. Amechoka na mimi.' Tukamrudisha ndani, na hakuomba tena kutoka."

Geti aligeuka akatazama ukutani. Gari lilikuwa limeegeshwa upande wa pili, na kutoka pale aliposimama paa lake jeupe lilionekana juu ya matofali, limenyooka, limetulia, kazi safi. Alijaribu kusema. Alianza na mabomba, akaona hayana maana. Akaanza na nyonga, ikawa kama anajitetea. Mwishoni alisema, "Alikuwemo. Mara zote mbili alikuwemo ndani. Mimi ndiye niliyelishusha gari, akawa haonekani wala haoni. Alinyoosha shingo mpaka akaumia."

Dada alishika kamba tupu ya nguo, akaivuta kidogo. "Usimwambie," alisema hatimaye. "Wangu ameshakwenda akiamini vile. Wako muache aishi."

Miezi ilipita. Springi alipata mabomba mazima kutoka gari lililokufa, akamletea Geti mpaka karakanani bila kuombwa. Yako pale nyuma ya mashine, yamefunikwa turubai. Mama hataki yafungwe. Sasa kila Jumamosi anapanda gari mwenyewe, bila kusukumwa, na anashukia getini kwa marehemu dada yake. Yeye na dada wa Geti hukaa uani, wanafua mashuka yasiyo na uchafu wowote, wanayaanika. Kulipandisha gari, Geti anaona, kungekuwa kujipoza yeye tu, na mama angerudi kuwa gunia la saruji.

Jumamosi moja, wakirudi, mama alikuwa akisugua fimbo yake kwa kidole gumba. Walipoingia barabara kubwa alisema, bila kumtazama, "Siku ile ya mazishi ulisimama na dada yako pale kwenye kamba. Mlikuwa mnasema nini?"

Geti alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Alisema mama mkubwa hakuteseka sana."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Na mimi? Hakunitaja?"

Mbele yao lori lilikuwa linageuka, na Geti alishukuru kupata sababu ya kutazama mbele. "Alikutaja," alisema. "Alisema alikuwa anakungoja."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, mara mbili. Alifungua kioo, akatoa kiwiko nje, upepo ukamvuta ncha ya kilemba. Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine, na mpaka leo Geti hajui kama ni kwa sababu alimwamini, au kwa sababu alikuwa ameshahesabu mwenyewe zile Jumamosi tatu na kuona zinaangukia wapi katika zile wiki sita.